Mbio za Vituo vya Dunia: raundi mbili za kuchukua, moja ya kurekebisha, moja ya kuacha

Michezo mingi ya kufundisha hutengenezwa hivi: swali kwanza, mbio baadaye. Msichana anaulizwa, akipata anakimbia, akikosa anabaki alipo. Mbio hapo ni zawadi tu, hazihusiani hata kidogo na jibu, na ndiyo maana wiki ikipita kinachokumbukwa ni nani alishinda. Mchezo tunaoupima hapa umejaribu njia nyingine. Ndani yake kukimbia kwenyewe ndiko kujibu: ukijua Sangam, kituo cha Girl Guides kilichoko India, iko wapi, miguu inaonyesha. Pale unaposhikilia wazo hilo ni mchezo mzuri kweli. Pale unapolisahau, unageuka mtihani wenye jasho.

Seti yenyewe ni karatasi za kuchapa, imekusudiwa wasichana wa miaka 7 hadi 14, na lengo lake ni kuwaonyesha kwamba kikundi chao ni tawi dogo la mti mkubwa: Jumuiya ya Dunia ya Girl Guides na Girl Scouts, WAGGGS kwa kifupi, iliyoundwa mwaka 1928 na ambayo leo ina wanachama katika nchi zaidi ya 150. Utapata mabango 5 ya Vituo vya Dunia, yaani mahali pa WAGGGS ambapo wasichana wa nchi mbalimbali hukutana, kadi 20 za mwito, kadi 30 za nchi, vipande vya kuunganisha Beji ya Dunia kwa timu 4, maswali 25, na ukurasa mmoja wa maelekezo. Ukurasa huo hautoshi, na sehemu kubwa ya tathmini hii inaziba mapengo yake.

Vya kutafuta mwenyewe ni chaki au kamba ya kuchorea maduara, filimbi, maboksi 5, vibanio vya nguo kama kumi na mbili, na kitambaa kimoja kirefu cha rangi kali. Hicho kitambaa hakimo kwenye maelekezo, lakini bila hicho raundi ya kwanza inafundisha kosa. Tutakifikia.

Mabango chapa kwenye manila au karatasi nzito. Karatasi ya kawaida haimalizi raundi ya kwanza, kwa sababu wasichana ishirini wakifika mahali kwa kasi, angalau mmoja hujishikilia kwenye bango. Kuza pia maandishi. Jina la kituo limechapwa kwa herufi ndogo zisizosomeka ukiwa upande wa pili wa kiwanja. Herufi za urefu wa sentimita 8 zinasomeka bila mtu kukodoa macho.

Raundi ya kwanza: pembe nne na kitambaa

Kanuni ni nyepesi. Kila pembe ya kiwanja ni Kituo cha Dunia. Kiongozi anatoa mwito, wote wanakimbilia pembe inayohusika, wakifika wanafanya kitendo cha kituo hicho. Mwito unaofuata unatoka, wanahama.

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinafaa wachezaji 24 hadi 30. Maelekezo yanasema mabango yabandikwe ukutani. Usifanye hivyo. Bango likiwa ukutani, ukuta ndio mwisho wa mbio: wa kwanza anaugusa kwa viganja, wa tatu anaugusa kwa mgongo wa yule wa kwanza. Chora duara la kipenyo cha mita 4 katika kila pembe, ukingo wake uwe mita 2 kutoka ukutani, bango libanwe kwenye kiti nyuma ya duara. Kanuni iwe kuingia ndani ya duara, si kugusa kitu. Kwa vipimo hivyo, kutoka katikati ya duara moja hadi la jirani ni mita 12, na kukata kiwanja pembe kwa pembe ni kama mita 17. Msichana wa miaka minane anahitaji sekunde tano au sita kuzimaliza, bado hajafikiri, bado hajafanya kitendo. Kwa hiyo acha sekunde 15 kati ya mwito na mwito. Kiongozi mwenye haraka anayetoa mwito kila sekunde saba anatengeneza msongamano katikati ya kiwanja, kundi moja likienda na jingine likirudi, na hapo ndipo vichwa vinapogongana.

Sasa vituo vyenyewe. Our Chalet ndicho cha kwanza, kilifunguliwa mwaka 1932 huko Adelboden, kijiji cha milima ya Alpi nchini Uswisi, kwa fedha za Mmarekani Helen Storrow. Our Cabaña kilifunguliwa mwaka 1957 huko Cuernavaca, Mexico. Sangam kilifunguliwa mwaka 1966 huko Pune, India. Pax Lodge kipo Hampstead, London, na ni mrithi wa nyumba iliyofunguliwa mwaka 1939 kwa jina la Our Ark, baadaye ikaitwa Olave House. Jina la Pax Lodge limetumika tangu mwaka 1990. Hivyo ni vinne, pembe nne. Cha tano ni Kusafiri.

Na hapa ndipo seti inapokosea vibaya zaidi. Bango la Kusafiri limewekwa katikati ya kiwanja, limesimama tuli kama mengine. Kusafiri si nyumba. Ni Kituo cha Dunia kisicho na jengo, shughuli zake zinahama kutoka nchi hadi nchi barani Afrika, na kilitambuliwa rasmi kuwa kituo cha tano mwaka 2015. Jina lake lenyewe linasema. Kulipigilia misumari katikati ya uwanja ni kumwambia msichana kinyume cha jambo moja la pekee analotakiwa kulijua kuhusu kituo hicho.

Dawa yake ndiyo ule mtandio au kitambaa kirefu. Mtu mmoja anajitanda, anatembea polepole kuzunguka kiwanja muda wote wa mchezo, kwa mwendo wa kawaida, bila kusimama. Mwito wa “Kusafiri!” ukitoka, wote wanamtafuta alipo, wanapanga mstari nyuma yake, kila mmoja mkono begani kwa aliye mbele, wanatembea pamoja hatua kumi kuelekea anakokwenda. Mara ya kwanza watakimbilia mahali alipokuwa. Mara ya pili watatazama kwanza. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kufundisha “kituo kinachohama” kwa usafi kama kule kufika mahali na kukuta kimeshaondoka. Mvaa kitambaa abadilishwe kila baada ya mizunguko mitano, na kila anayekipokea ataje nchi moja ya Afrika anayokipeleka.

Ukikutana na toleo la mchezo kama huu lenye pembe nne tu na hakuna Kusafiri kabisa, ujue limeandikwa kabla ya mwaka 2015. Bado yanazunguka, na bado yanachapwa.

Matamshi yashughulikiwe kabla ya filimbi ya kwanza, dakika mbili zinatosha. Chalet hutamkwa “shale”, ile t ya mwisho haisikiki. Cabaña ni “kabanya”; ñ yenye kiwimbi ni ny ileile ya “nyumba”, kwa hiyo mdomo wa Mswahili hauna shida nayo akishaambiwa. Wasipoambiwa watasema “kabana”, na kiongozi naye atasema “kabana”, na hivyo ndivyo itakavyokaa. Maana za majina zinafaa kusemwa papo hapo: chalet ni nyumba ya mbao ya milimani, cabaña ni kibanda, pax ni amani kwa Kilatini, sangam ni neno la Kisanskriti la kukutana, litumikalo pia kwa mahali mito inapoungana. Kusafiri halihitaji mkalimani. Inafaa kuwaachia wasichana wafurahie kidogo jambo hilo, kwamba wenzao wa mabara mengine inabidi wafundishwe kulitamka neno ambalo wao wanalitumia kila siku.

Vitendo vilivyomo kwenye seti vina kasoro ya aina yake. Kwa London, kunywa chai. Kwa Mexico, kucheza ngoma umeshika ukingo wa kofia kubwa. Kwa India, kutikisa kichwa. Hayo ni masihara ya kadi za posta, hayamfundishi mtu chochote kuhusu kituo, na siku msichana wa Kihindi akiwa miongoni mwa wachezaji utatamani ardhi ikumeze. Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni vitendo vinavyotoka kwenye jina au mahali. Our Chalet: kupanda mlima, magoti juu, mikono ikivuta kamba. Pax Lodge: kupeana mkono wa kushoto na aliye karibu, salamu ya Girl Guides popote duniani. Sangam: wachezaji wanajigawa mistari miwili inayotoka pande mbili na kuungana kuwa mmoja, kama mito. Our Cabaña: Cuernavaca hujulikana kama mji wa machipuko ya milele, basi wachuchumae na kuinuka taratibu, vidole vikifunguka kama ua. Kitendo cha Sangam huchukua muda zaidi ya vingine, sekunde 20 au zaidi, kwa hiyo hapo zile sekunde 15 hazitoshi, na usikiite mara mbili mfululizo.

Tatizo kubwa la raundi hii halimo kwenye karatasi, limo kwa wachezaji: bendera fuata upepo. Baada ya miito mitatu, wasichana wawili au watatu wenye kasi na uhakika ndio wanaoamua, waliobaki wanafuata migongo yao. Kwa mbali inaonekana kila mtu anajua. Hakuna anayejua ila hao watatu. Jaribio la kuligundua ni rahisi: mnong’oneze mmoja wa wale wenye kasi akimbilie pembe isiyo sahihi kwa makusudi, uone wangapi wanamfuata.

Suluhisho lisilovunja mchezo ni hili. Mwito ukitoka, wote wanafumba macho na kunyoosha mkono kuelekea wanakotaka kwenda. Kiongozi anahesabu hadi tatu, macho yanafumbuliwa, kila mmoja lazima aende alikoonyesha, hata akijiona peke yake. Fanya hivi kwa kila mwito wa nne, si kila mara, la sivyo mwendo unakufa. Mikono ikiwa imenyooshwa, kiongozi anaona kwa jicho moja ni kituo gani hakijaeleweka, jambo ambalo kadi ya maswali haiwezi kukuonyesha kwa wachezaji 24 kwa wakati mmoja. Kwa Kusafiri zoezi hili linachekesha, maana anayevaa kitambaa ameendelea kutembea macho yao yakiwa yamefumbwa.

Ngazi ya ugumu nayo ipangwe upya. Kadi za mwito zinaanza na majina matupu, halafu ghafla zinaruka kwenye miaka: “1957!” Wachezaji wanasimama, wanatazamana. Afadhali miito sita ya kwanza iwe majina, sita inayofuata iwe mji au nchi, kisha nane za mwisho ziwe vidokezo. “Jina langu ni amani.” “Ni mkubwa kuliko wote kwa umri.” “Sina mlango.” “Mito miwili.” Mwaka uje mwishoni kabisa, na kwa wenye umri wa miaka 11 kwenda juu tu. Wadogo wa miaka 7 hadi 9 waishie kwenye miji, watoke na majina matano na vitendo vyake. Inawatosha.

Maelekezo pia yanamtoa nje anayefika mwisho. Kanuni hiyo ifutwe bila mjadala. Anayetoka wa kwanza karibu kila mara ni yuleyule asiyejua, yaani ndiye aliyehitaji kubaki. Badala yake, atakayefika wa mwisho ndiye atakayetoa mwito unaofuata kutoka kwenye kadi. Anapumua, anasoma jina kwa sauti, na kwa kulisoma anakuwa amelipata. Ila wakishagundua kwamba kuchelewa kunampa mtu kipaza sauti, wataanza kuchelewa kwa hiari. Ukiona hivyo, badilisha iwe wa tatu kutoka mwisho.

Kama kuna msichana anayetumia kiti cha magurudumu au mwenye maumivu ya mguu, usimpe kazi ya kudumu ya kuvaa kitambaa kwa sababu tu Kusafiri hutembea polepole. Badilisha mwendo wa wote: mwito mmoja kwa hatua za kisigino kwa kidole, mwingine kwa kurudi nyuma, mwingine wawiliwawili wakiwa wameshikana mikono. Kasi ikiacha kuwa kipimo, tofauti inapungua sana.

Raundi ya pili: kadi za nchi

Hii ndiyo raundi bora ya seti nzima, na kasoro zake ni za hesabu tu.

WAGGGS imegawanya dunia katika kanda tano: Afrika, Kanda ya Kiarabu, Asia na Pasifiki, Ulaya, na Kizio cha Magharibi, yaani Amerika zote mbili pamoja na Karibiani. Maboksi matano yanapangwa mstari mmoja, timu nne zinajipanga mita 12 mbele yake. Kila mkimbiaji anachukua kadi moja ya nchi, anakimbia, anaitumbukiza kwenye boksi la kanda anayoona inafaa, anarudi, anamgusa mwenzake kiganja. Hakuna kuzungumza njiani. Mwishoni maboksi yanamwagwa chini mbele ya wote.

Hesabu: kadi ni 30, timu ni 4. Thelathini haigawanyiki kwa nne. Kadi mbili zinabaki, timu mbili zinazigombea, na kelele inayofuata haina uhusiano wowote na Girl Guides. Toa mbili, zibaki 28, kila timu saba. Na toa mbili za kanda moja, kwa sababu ya pili: zikiwa 30 zimegawanywa sita kwa kila boksi, wasichana wakubwa wanaligundua hilo mapema, wanachungulia boksi lenye tano na kubahatisha kwa kuhesabu. Idadi ikiwa haiko sawa, hila hiyo inakufa. Maboksi nayo yawe na mfuniko wenye tundu.

Kwa nini inafundisha vizuri? Kwa sababu imejengwa juu ya kosa ambalo karibu kila mtu atalifanya. Kadi ya Misri itatumbukizwa Afrika. Kadi ya Tunisia pia. Boksi likimwagwa, msimamizi anazitoa na kuzihamishia Kanda ya Kiarabu, na kiwanja kizima kinapinga: Misri iko Afrika! Na ni kweli, iko Afrika. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza yenyewe bila kiongozi kuyasukuma: kanda za chama si mabara ya ramani, zimefuata pia lugha na historia za vyama vyenyewe. Australia na Japani kwenye boksi moja huleta mshangao wa aina hiyo hiyo, na Kanada pamoja na Jamaika vilevile. Usiwaonye mapema. Kiongozi mwenye huruma anayewaambia “angalieni Misri” kabla ya filimbi ameshaiua raundi.

Msimamizi pia asirekebishe kadi katikati ya mbio. Akifanya hivyo, wachezaji watamtazama uso wake badala ya kutazama kadi.

Kosa moja la uchapaji lirekebishwe kwa kalamu. Kadi ya Marekani imeandikwa Girl Guides. Huko ni Girl Scouts. Juliette Gordon Low alianzisha kundi la kwanza huko Savannah, Georgia, tarehe 12 Machi 1912 kwa jina la Girl Guides, na mwaka uliofuata jina likabadilishwa. Japani na Ufilipino pia hutumia Girl Scouts. Hili si jambo dogo kwa msichana ambaye siku moja atakutana na mgeni mwenye beji iliyoandikwa “Scout” na kudhani ni wa chama kingine. Tumia nafasi iliyo nyuma ya kadi: andika jina ambalo wasichana wa nchi ile hujiita, kwa zile ambazo umethibitisha. Kwa India, kwa mfano, chama ni Bharat Scouts and Guides, na wasichana wadogo huitwa Bulbul.

Raundi nzima huisha kwa dakika nane hadi kumi, na kuyamwaga maboksi huchukua muda kama huo huo. Usikate ule wa pili ili kuokoa muda. Kanda zinajulikana pale, si kwenye mbio.

Raundi ya tatu: Beji ya Dunia kwa vipande

Kila timu inapaswa kuunganisha Beji ya Dunia, ile yenye trefoili, yaani jani lenye sehemu tatu, ya dhahabu juu ya samawati. Vipande ni vinane: majani matatu, nyota mbili, sindano ya dira, mwali wa chini ya shina, na duara la samawati la kuvipangia. Mkimbiaji anakwenda hadi kwenye lundo, analeta kipande kimoja, anarudi, hadi picha ikamilike.

Kwa mikono, wanaweza. Kwa maana, hakuna wanachopata. Maana za vipande zimechapwa nyuma, na hakuna mchezaji aliye kwenye mashindano atakayegeuza karatasi kusoma nyuma. Ni fumbo la kuunganisha picha, lingeweza kuwa picha ya tembo na lisingepungukiwa na kitu. Mbio zimeachana na somo; ndicho tulichoanza nacho kulalamikia.

Marekebisho yanahitaji mtu mmoja zaidi. Badala ya lundo, weka mlinda lango mmoja kwa kila timu mbili, mwenye vipande mkononi. Mkimbiaji hapewi kipande kwa kukitaja jina, bali kwa kuonyesha maana yake. Kwa majani matatu, sehemu tatu za Ahadi ambayo kila msichana huitoa anapojiunga: anainua vidole vitatu vya saluti. Kwa nyota, Ahadi na Sheria: anakariri mstari mmoja wa Ahadi kwa nyota ya kwanza, na kipengele kimoja cha Sheria kwa ya pili. Kwa sindano ya dira, ionyeshayo njia iliyo sawa: anaelekeza kaskazini, na kiongozi awe amethibitisha mapema kaskazini ni upande gani, maana hapa viongozi wengi hujikuta wakibishana na wasichana na kushindwa. Kwa mwali, upendo kwa binadamu wote: anamchagua mtu wa timu pinzani na kumsaidia apate kipande chake. Duara la samawati linakuja mwisho, pamoja na swali la rangi, kwamba dhahabu na samawati ni jua linalowaangazia watoto wote wa dunia.

Kwa mpangilio huo raundi inapanda kutoka dakika sita hadi kama kumi na tano, na inakuwa ya maana. Kama huna watu wa kusimama langoni, ni bora uiache kuliko kuicheza ilivyo.

Seti haigusi Bendera ya Dunia, nayo ingeingia hapa bila gharama: miraba mitatu ya dhahabu kwa sehemu tatu za Ahadi, na kona nyeupe kwa ajili ya amani. Anayetaka kuongeza, aongeze vipande vinne.

Raundi ya nne

Maswali 25 ya kujibu kwa mdomo, anayejibu anakimbia kuzunguka kiwanja. Iache.

Moja tu kati ya kadi zake inafaa kuokolewa, nayo ina kosa. Inasema Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti na Girl Guides, na mkewe Olave ndio walioanzisha Siku ya Kutafakari, siku ya kila mwaka ambayo wasichana wa chama huwakumbuka wenzao duniani. Tarehe ni yao kweli: wote wawili walizaliwa tarehe 22 Februari, yeye mwaka 1857, mkewe mwaka 1889. Lakini wazo la siku hiyo lilitoka kwa wajumbe wa mkutano wa nne wa dunia, uliofanyika Camp Edith Macy nchini Marekani mwaka 1926. Na mwaka 1932, kwenye mkutano uliofanyika Poland, mjumbe kutoka Ubelgiji akasema siku ya kuzaliwa huambatana na zawadi, basi wasichana watoe kitu kidogo kusaidia wenzao wa nchi nyingine. Ndiyo chanzo cha senti zinazochangwa hadi leo. Ukiucheza mchezo huu karibu na tarehe 22 Februari, maliza kwa kuyarudisha yale maboksi matano ya kanda na kila msichana aweke sarafu moja kwenye kanda ya nchi aliyoikimbilia vibaya. Inachukua dakika tatu, na Misri hupata nyingi.

Mambo ya mwisho kabla ya kuchapa

Viongozi wanne wanatosha kwa wasichana 24: mtoa mwito, wasimamizi wawili ambao raundi ya tatu wanageuka walinda lango, na mmoja wa kuanza na kitambaa. Ukiwa na watatu, mpe kitambaa msichana tangu mwanzo.

Kundi likizidi 30, usiongeze maduara wala kuyapanua. Ligawe nusu: nusu moja inacheza raundi ya kwanza, nyingine ya pili, kisha wabadilishane. Wasichana 50 wanaokimbilia duara la mita 4 ni hatari, na huwezi kuona nani amenyoosha mkono wapi.

Ukumbi mdogo wa mita 10 kwa 10 unawezekana kwa wachezaji 12, kwa mwendo wa kutembea tu. Raundi ya pili hapo inabaki nzuri vilevile; ya kwanza inapoteza nusu ya utamu. Nje kwenye upepo, vipande vya beji vinaruka, kwa hiyo kila timu ipewe vibanio vitatu na kipande cha boksi la kubania.

Kwenye mabango ya vituo andika mji na mwaka wa kufunguliwa, usiandike “unaweza kwenda kulala hapa”. Uendeshaji wa vituo hubadilika, kama Our Ark ilivyokuwa Olave House na kisha Pax Lodge, na bango lililovikwa plastiki hudumu kuliko habari iliyoandikwa juu yake.

Na chapa nyota nne za ziada. Majani hayapotei, sindano haipotei, lakini kila mchezo ukiisha nyota moja haipo, na beji yenye Ahadi isiyo na Sheria haikamiliki.